Shati Ambalo Mama Alikataa Lizikwe

Bwana apewe sifa zake, ninyi nyote mnaonisoma, hata wewe unayesoma huku sufuria ya maharagwe inaungua! Leo ni siku ya mwisho ya mwezi huu wa kuandika kila siku. Mmenivumilia. Mmesoma habari za makala, yaani mkaa, yenye unyevu, za kwaya ya jirani inayorudia ubeti mmoja mpaka mbuzi wameujua, za kuku wa Mama Zawadi anayeingia kanisani kabla ya mchungaji. Leo siandiki mambo madogo. Leo natoa ushuhuda, na nauandika polepole.

Ndugu zangu, kwetu ni Fataki, kaskazini ya Bunia. Baba yangu alikuwa shemasi, mtu wa kuvaa tai hata akienda kuangalia ng'ombe. Jumapili kwetu ilikuwa Jumapili kweli: hakuna kufua, hakuna kukata kuni, na ng'ombe walikamuliwa gizani ili jua lisimkute mtu na ndoo mkononi. Baba alikufa kwa ugonjwa, kitandani pake, na tulimzika vizuri. Wakati ule nililia nikadhani hakuna msiba unaozidi huo. Sikujua kwamba kufa kitandani pako ni neema.

Alituacha watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Faustin. Faustin ndiye aliyebaki na ng'ombe. Siku risasi zilipofika upande wetu tulitoka mbio. Mama alinyakua kibuyu chake cha kusukia maziwa, na nguo zilizokuwa zikikauka kwenye kamba. Tulipofika njia panda Faustin akasimama.

"Mutangulie," akasema. "Naenda kufungulia ngombe, zitaungua mule ndani."

Tukatangulia. Hakutufuata. Baadaye watu walisema nyumba imeungua, wengine wakasema wameona hivi, wengine vile, na hakuna hata mmoja aliyesema ameona mwili wake. Sisi tukafika Bunia, tukapata chumba mtaa wa Rwambuzi, na maisha yakaendelea kwa sababu hayana adabu ya kusubiri.

Nataka mjue hali yangu ilivyokuwa, maana wengine mnaniona nikiimba kanisani mnafikiri nilikuwa mzima. Sikuwa mzima! Nilikuwa nimefunga mdomo. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nilisema, "Ni hapa hapa." Hata hapa kwenye blogu nilijiita Mama Wivine, na mimi sina mtoto anayeitwa Wivine. Niliogopa jina langu lisomwe na mtu nisiyemjua. Na kwenye maombi nilikuwa nimeacha kumtaja Faustin. Nilikuwa nikifika mahali pake nasema tu, "Bwana, wewe unajua," halafu naruka naenda kuombea mvua.

Mama hakufunga mdomo. Kila asubuhi alinunua maziwa kwa kijana anayeyabeba kwenye mabidoni juu ya baiskeli, akayamimina kwenye kibuyu, akakaa mlangoni kuyasuka. Na alipokuwa akisuka aliwaita ng'ombe wetu kwa majina, kama alivyofanya kule nyumbani, maana wanawake wa kwetu wanaamini siagi haitoki upesi kama ng'ombe hawajaitwa. Maziwa yalikuwa ya ng'ombe wa watu wengine, lakini yeye aliwaita wetu. Mimi niliingia ndani nisisikie.

Basi, mwanzoni mwa mwezi huu baba yetu mdogo, Papa Anselme, alikusanya jamaa. Si mtu mbaya, ndiye aliyetulipia chumba tulipofika. Alisema yale ambayo wengi walikuwa wanayafikiri.

"Nyumba hii iko mu matanga miaka yote," akasema. "Mama haendi mu feti wala mu ndoa ya mutu, haimbi na bamama wenzake. Tumuzike Faustin, tulie mara moja, iishe."

Mwili hatuna, lakini kwetu mtu aliyepotea anaweza kuzikwa kwa nguo yake. Kati ya zile nguo za kwenye kamba lilikuwemo shati moja la Faustin, la bluu. Wakapanga Jumamosi ya mwisho ya mwezi: tutazika shati, tutaombea, tutaondoa matanga. Wakaniuliza mimi kama dada mkubwa. Nikasema sawa. Nilikuwa nimechoka, ndugu zangu. Kungoja kunachosha kuliko kulima.

Mama hakubishana na mtu. Alisimama, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amevaa lile shati juu ya kitenge chake, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Mukitaka kulizika," akasema, "munizike nalo."

Tangu siku hiyo hakulivua. Alikwenda nalo sokoni, alilala nalo. Bega lilikuwa kubwa, mikono ilimzidi, akaikunja. Hatukuongea tena vizuri, mama na mimi. Ananipa chakula, nasema asante, basi. Ndipo nilipoona kwenye simu tangazo la vijana wanaopenda kuandika: andika kila siku, mwezi mzima, chochote. Nikajiandikisha. Wengine walitafuta sifa, mimi nilitafuta mahali pa kuangalia ili nisiliangalie lile shati.

Nikaandika vitu vidogo, mnavijua. Niliandika juu ya yule mama wa kutoka Butembo anayepima maharagwe kwa kopo lililobonyea, halafu anaapa kwamba lilizaliwa hivyo. Niliandika juu ya vumbi la barabara ya Shari linaloingia mpaka kwenye Biblia. Mlicheka, nami nikacheka. Lakini kuandika kila siku ni kazi mbaya kwa mtu anayejificha, maana vitu vidogo vinaisha! Ilifika asubuhi moja ya mvua, nimekaa na simu, sina neno. Nje mama anasuka: shwaa, shwaa, anaita majina. Nikaandika nilichokisikia.

Nikaandika kwamba namjua mama mmoja anayeita ng'ombe wasiokuwepo. Sikusema ni mama yangu, wala sikusema Fataki. Nikawataja: Bibi-Arusi, aliyependa kutembea polepole, Makelele, Mgeni, ambaye hakuna aliyejua alikotoka, na Samedi, aliyeitwa hivyo, nikaandika, kwa sababu alizaliwa Jumamosi. Nikaituma, nikaenda kununua mkaa.

Jioni nikakuta maoni. Mengine yalikuwa ya kawaida, "Amina," "Umeandika vizuri." Moja lilitoka kwa mtu asiye na picha wala jina. Nimelisoma mara nyingi mpaka nimelishika kichwani:

"Dada, unaandika muzuri lakini hapa umedanganya. Samedi haikuzalikaka samedi. Ilizalikaka kesho yake, dimanche asubui, mutoto alikwama, tukavuta na kamba mpaka saa ya ibada ikapita. Muzee alikuwa shemasi, akasikia haya kusema tulitumika kazi siku ya Mungu. Njo akaiita Samedi. Nani alikupatia habari ya ngombe yetu?"

Kwanza nilikasirika! Nikasema, huyu ni nani wa kunifundisha ng'ombe wetu? Halafu nikakaa palepale kwenye gunia la makala. Yetu. Alisema ngombe yetu.

Nikaenda kwa mama. Alikuwa anachambua mchele. Nikamsomea bila kumwambia kitu kingine. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono umesimama kwenye ungo.

"Ile dimanche," akasema taratibu, "papa yako alisema tumbo inamuuma. Faustin alibaki, eti anamuchunga. Nikarudi toka kanisa, nikakuta suruali ya papa yako iko na matope mpaka mu magoti. Nikauliza. Akasema alianguka akienda mu choo. Kesho yake wakatuonyesha ndama, eti ilizalikaka samedi kule mu malisho."

Kisha mama akacheka. Ndugu zangu, mama yangu akacheka! Alicheka mpaka mchele ukamwagika, akafuta machozi kwa mkono wa shati la Faustin.

"Shemasi!" akasema. "Shemasi muzima kudanganya siku ya ngombe!"

Baba hayupo, na siri ile waliijua wawili tu. Mnaelewa sasa?

Nilimpigia Papa Anselme, akaja mara moja, mvua juu yake. Alikuwa na hofu, na simlaumu. Kuna watu wanaotafuta jamaa waliopotewa ili wawachezee.

"Batu ya internet iko baongo sana," akasema. "Pengine Faustin alihadisia rafiki. Usimupatie mama tumaini halafu umunyanganye."

"Mumuulize shati," mama akasema. "Mumuulize iko na nini."

Nikaandika chini ya maoni yale: "Kama ni ngombe yenu, uliacha shati ku kamba. Liko na alama gani?" Halafu tukangoja. Mtandao ukakatika, kama kawaida yake. Papa Anselme alikaa na kofia mikononi, anaizungusha. Mama alirudi kwenye mchele wake. Nami, kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi, niliomba nikamtaja. Nikasema, "Bwana, Faustin. Faustin, Bwana." Jina lile lilitosha kunivunja.

Mtandao uliporudi jibu lilikuwepo.

"Liko na alama ya pasi ku mukono wa kushoto. Dada yangu Espérance aliliunguza siku ya ubatizo yangu. Mimi sikulia, yeye njo alilia. Dada, weye ni nani? Ni weye?"

Mama aliukunjua mkono wa kushoto, ule aliokuwa ameukunja kwa sababu unamzidi. Alama ilikuwa pale, umbo la ncha ya pasi, rangi ya chai. Papa Anselme aliiangalia, akavaa kofia, akaivua tena, akatoka nje kulia peke yake kwenye mvua.

Haleluya! Faustin alikuwa hai, ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi. Aliwafungulia ng'ombe, wakatawanyika, akakimbia njia nyingine na watu wengine. Simu ilipotea na namba zote ndani yake. Aliambiwa wote waliopita ile njia yetu waliuawa, naye akaamini, kama mimi nilivyoamini kwamba yeye amekufa. Yeye alikuwa akituombolezea sisi! Mtu wa kwetu ndiye aliyempa simu yake asome, akamwambia, "Soma hii ya ngombe, utacheka."

Faustin akatutumia namba ya simu hiyo, nikapiga. Mama alichukua simu, akaishika mbali na sikio kama afanyavyo, na neno lake la kwanza kwa mwanawe lilikuwa hili:

"Faustin! Juu ya nini mulidanganya Mungu, weye na papa yako?"

Kule upande wa pili nikasikia mwanamume mzima anaita, "Mama. Mama. Mama."

Jumamosi watu walikuja vilevile, maana viti vilikuwa vimekwisha kukodishwa na turubai limefungwa. Bamama wa kanisa walikuja na nyuso za msiba, wakaambiwa mlangoni, wakabadilisha wimbo wakiwa bado wamesimama. Mama aliimba nao. Mimi nilihudumia chai, na katikati ya shangwe nikamwona Mama Zawadi, jirani yetu, yule mwenye kuku. Binti yake naye hajulikani alipo tangu vita. Alikuwa anapiga makofi na wengine, kwa nguvu, anatabasamu. Nikaweka birika chini.

Kwa hiyo sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Sisemi kwamba ukiandika, Mungu atakujibu kwenye maoni. Sijui kwa nini sisi, na Mama Zawadi bado. Nimemuuliza Mungu hilo wiki nzima na hajaniambia. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimemzika ndugu yangu ndani ya mdomo wangu, na Bwana akanifungua kwa mambo madogo niliyoyadharau, kwa kibuyu, kwa ng'ombe, kwa kosa langu la siku ya kuzaliwa ya ndama. Jioni ile nilikaa na Mama Zawadi nikamwambia, "Nihadisie juu yake." Akaanza na namna alivyokuwa akifunga kitambaa. Aliongea mpaka makala yakaisha kwenye jiko.

Namshukuru Mungu, namshukuru mama yangu aliyekataa. Na wewe unayesoma, uliyefika mahali pa jina fulani ukasema "Bwana, unajua" ukaruka, rudi ulitaje. Mkabidhi Bwana hilo jina kwa sauti, hata kama leo hakuna jibu. Yeye haogopi kusikia.

Faustin hajafika bado. Karatasi za safari zinachelewa na njia si nzuri. Lakini jana asubuhi, baada ya kusuka maziwa, mama alilivua lile shati. Alilifua yeye mwenyewe, kola mara mbili, akaliangalia juani lile doa la pasi, akaliacha. Sasa naandika nikiwa mlangoni, jina langu ni Espérance, binti ya shemasi Yohana wa Fataki, na shati la mdogo wangu liko kwenye kamba, linamngoja.