Bi Lornah Nekesa: Miaka Thelathini na Miwili ya Kupokea Simu Zetu na za Mama Zetu

Tarehe thelathini Septemba mwaka huu, Bi Lornah Nekesa atastaafu baada ya kuhudumu kwa miaka thelathini na miwili katika meza ya mapokezi na simu ya kampuni yetu ya uchapishaji hapa Westlands.

Aliajiriwa na Mzee Kailash, mwanzilishi wetu. Amehudumu chini ya wakurugenzi wanne, na waandishi wetu aliwatambua kwa vikohozi vyao kabla hawajataja majina. Mwaka ambao ofisi ilifurika maji ya mvua, aliendelea kupokea simu akiwa amesimama juu ya katoni za vitabu vya Hisabati, ambavyo hata hivyo havikuwa vikinunuliwa.

Desturi yake iliyotuudhi wengi ni daftari la majirani. Kila mfanyakazi mpya alitakiwa kumpa namba ya simu ya jirani wa wazazi wake, si ya wazazi wenyewe. Alisema mzazi atakuambia yu mzima hata akiwa amelala sakafuni. Mwandishi wa wasifu huu alimnyima namba hiyo kwa miaka kumi na mmoja, akamweleza kwa barua ya kurasa mbili kwamba mambo ya nyumbani hayaihusu meza ya mapokezi. Bi Lornah aliitia barua katika faili, kisha akamtafuta jirani huyo yeye mwenyewe.

Wakati huo Mwalimu Dorsila, mama wa mwandishi, mwenye umri wa miaka themanini na minne, aliishi peke yake katika mtaa wa Jamhuri. Alikuwa na ugonjwa wa usahaulifu. Mwandishi, ambaye huiona nukta iliyokosekana akiwa bado mlangoni, aliuita ugonjwa huo uchovu. Tiba aliyoibuni ni kumkabidhi mlinzi wa lango la mama, Muasya, ufunguo wa akiba, kwa sharti kwamba asimfungulie mtu yeyote bila barua yenye sahihi.

Asubuhi moja ya Machi mwaka jana, jirani, Mama Ravneet, alipiga simu ofisini. Mwalimu Dorsila hakuwa amefungua mlango tangu jana yake, harufu ya kitu kilichoungua ilitoka jikoni, naye alisikika akimwita mumewe aliyefariki zamani. Simu ya mwandishi ilikuwa imezimwa, kwani kati ya saa tatu na saa sita husoma prufu, zile kurasa za kusahihishwa kabla kitabu hakijachapishwa, na amri yake ni kwamba wakati huo aletewe ujumbe kwa maandishi tu. Bi Lornah akaandika: "Mama yako yuko hatarini. Gari liko chini." Mwandishi akakirudisha kijikaratasi kwa sababu hakikuwa na tarehe. Hakuwa ameyafikia maneno. Yeye huanza na tarehe.

Bi Lornah aliichukua kalamu nyekundu ya mwandishi, akaandika tarehe, kisha akamwinua kwa mkono wa koti.

Tayari alikuwa amempigia muuguzi, Everlyn, ambaye alifika Jamhuri baada ya dakika kumi na kusimama mbele ya mlango uliofungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Muasya. Gari lililowabeba mwandishi na Bi Lornah lilikuwa limekwama kwenye msongamano. Mwandishi alimwamuru Muasya kwa simu afungue; Muasya akajibu kwa adabu kwamba sauti haina sahihi.

"Mzee, ulisema barua kwanza," alisema. "Hata daktari. Hata wewe mwenyewe."

Ni kweli. Mwandishi aliyasema hayo, tena kwa fahari. Bi Lornah akamnyang'anya simu.

"Muasya, unanijua. Ukifungua, makosa ni yangu. Usipofungua, hiyo ni yako wewe na Mungu."

Akafungua. Mwalimu Dorsila alikuwa sakafuni jikoni, hajanywa maji tangu jana yake, na sufuria ya uji ilikuwa imeungua hadi gesi ikaisha yenyewe. Alipelekwa hospitali, na daktari akasema kwamba bila kufunguliwa asingeimaliza siku ile, na kwamba asiishi tena peke yake.

Hapo hospitalini mwandishi alianza kuandika sifa za mhudumu anayefaa. Alipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza, Bi Lornah alikuwa amekwisha kupanga kila kitu: mgonjwa ahamie Mountain View, nyumbani kwa mwandishi, na Everlyn amhudumie mchana. Kwenye zamu ya usiku aliandika jina la mwandishi. Mwandishi akamweleza uzito wa majukumu yake.

"Bwana Omollo, watu nimekutafutia," alisema. "Mtoto wa mama yako siwezi kukutafutia. Ni wewe."

Mwalimu Dorsila yu hai. Siku nyingine humwita mwanawe kwa jina la marehemu mumewe. Siku nyingine humwuliza kama amemaliza kazi aliyopewa shuleni. Mwandishi hujibu kwamba bado, na hilo ni jibu la haki.

Bi Lornah, kampuni inakushukuru kwa miaka thelathini na miwili, na mwandishi anakushukuru kwa asubuhi moja. Nenda nyumbani Webuye ukapumzike. Tunakuombea afya, siku nyingi, na mtu wa kuitika kila utakapoita.

Jackton Omollo
Mhariri Mkuu