Kabati Letu na Mama Mwenye Kamba

Kamwene, ndugu zangu. Leo nasema yangu tu. Ya mwingine atasema mwenyewe. Mimi ni fundi seremala, nakaa hapa Mlandege, na kwa miaka mingi nilikuwa na ugonjwa mmoja: kushuku watu. Mnacheka? Mke wangu yule pale hacheki.

Tulikuwa mafundi wanne na kikampuni chetu cha makabati. Tukasikia Mbeya kuna maonyesho kila mwaka. Wenzangu wakanituma nikayachunguze kabla hatujapeleka kitu. "Nenda ukaone watu wanatafuta nini," wakasema.

Nikapanda lori, nikakaa Mbeya siku tatu. Nawaambieni kweli, sikumuuliza mtu hata mmoja. Niliogopa wakijua tunakuja wataiba mtindo wetu. Nikazunguka na daftari, nikaandika mapengo ya uzio, walinzi wangapi, nani anachungulia meza ya nani. Niliporudi niliwasomea wenzangu habari za wezi mwanzo hadi mwisho, nao wakaniamini.

Mwaka uliofuata tukapeleka makabati matano, mninga mtupu, yamefungwa kwa kufuli. Mtu akigusa mlango namuuliza, "Wewe fundi wa wapi?" Akaja mama mmoja na kamba mkononi. Akapima upana wa kabati, akapiga fundo. Akaondoka, akarudi, akapima kimo, fundo la pili. Nikajua huyu katumwa.

"Mama, nani kakutuma kuiba vipimo?"

"Baba, nilitaka kuona kama..."

Sikumwacha amalize. Nikamnyang'anya kamba, nikaikata kwa kisu mbele za watu. Waliokuwa wakisogea wakarudi nyuma.

Tukarudi nyumbani Iringa na makabati yote matano. Tulipita Nyololo mvua inatunyeshea, hakuna anayenisemesha, nami nikashuku wenzangu wanapanga kunitoa. Hapo tu ndipo nilishuku sawasawa. Walinitoa. "Bwana, wewe hata malaika ungempekua," mmoja akaniambia. Nikabaki kutengeneza vigoda nyumbani, na nyumba nzima ilijua sababu ni mimi. Niliona aibu hata kuja kanisani.

Mke wangu ndiye aliyenibana. "Rudi Mbeya," akasema. "Safari hii uliza."

Nikaenda kwenye maonyesho ya mwaka uliofuata, mikono mitupu. Nikamkuta yule mama kwenye banda la mafundi wengine. Nikamwomba msamaha, kisha nikamuuliza nilichopaswa kuuliza tangu safari ya kwanza: "Mama, ulikuwa unatafuta nini?"

Akaificha kamba yake mpya mgongoni. Sasa yeye ndiye aliyenishuku. Halafu akasema, "Nimekusamehe, baba. Mimi natunza bweni la wasichana, misheni. Milango yetu myembamba. Kabati tulilonunua mwanzo limegoma kuingia, liko barazani, kuku wanatagia humo. Nilitaka makabati ishirini, ila yapite mlangoni."

Ndugu zangu, nililia pale pale. Makabati yetu yasingepita hata moja! Siku ile niliuliza watu mpaka sauti ikakauka: milango yenu ikoje, lori linafika wapi, nani anabeba.

Nikawapelekea wenzangu majibu. Walinisikiliza wamesimama, hawakunikaribisha ndani. Nilipomaliza, yule aliyesema habari za malaika akaniambia, "Ingia, tuchore." Tukatengeneza kabati la vipande, linaloungwa likishafika chumbani. Mwaka mwingine tukalipeleka maonyesho bila kufuli, na mama yule akaagiza yote ishirini.

Nawashukuru wenzangu walionirudisha. Namshukuru mke wangu, aliyechoka nami bila kuniacha. Nawe unayetaka kupeleka kazi yako mbele za watu, tangulia ukaongee nao. Macho peke yake yatakuonyesha unachokiogopa.

Sijapona kabisa, nisiwadanganye. Lakini yule mama alinisamehe kabla hajajua kama nitamtengenezea hata kigoda. Mimi nisingeweza. Niombeeni nifike hapo.