Dirisha la Chumba cha Asidi

Bwana Meneja unayetuaga leo, Memsahibu wako, Bwana Meneja mpya uliyekuja kushika mahali pake, Bwana Mchungaji, makarani, na ninyi wenzangu wa mashine na wa chumba cha asidi, nawasalimu wote.

Leo ni tarehe ishirini Desemba, 1957, na huu ni mwaka wa saba tangu nitoke kwetu Kimilili kuja kufanya kazi katika kiwanda hiki cha uchapaji hapa Nakuru. Niliishia darasa la nne, na sikuchaguliwa mimi kusema. Aliyechaguliwa ni mzee wetu Kipketer, yule aliyeketi karibu na mlango. Lakini sauti yake imekwisha. Asubuhi alinishika mkono akaninong'oneza, "Simama wewe. Na usiwape asante tupu."

Bwana Meneja, asante ya kweli unayo. Wewe ndiwe uliyetufundisha kumwaga asidi ndani ya maji, wala si maji ndani ya asidi, na ndiyo maana nyuso zetu bado zinatazamika. Wewe ndiwe uliyetuonyesha bamba la zinki: kwamba palipopakwa dawa asidi haigusi, na palipoachwa wazi inakula, mpaka picha inabaki imeinuka, tayari kwa wino. Fahali walioshinda katika maonyesho, maharusi wa magazetini, wote wamepita mikononi mwetu. Nani katika ukumbi huu hajaitazama kazi yetu? Na nani amewahi kuuliza inafanyikia wapi?

Inafanyika katika chumba chenye dirisha moja, na dirisha hilo limepigiliwa mbao. Upepo wa kutoka ziwani ulileta vumbi jeupe, likaharibu mabamba yaliyokuwa yakikauka, nawe ukaamuru dirisha lifungwe. Vumbi likabaki nje, ni kweli. Moshi wa asidi, ule wa rangi ya kutu, ukabaki ndani pamoja nasi. Tulipokuja kulalamika ukatuagizia maziwa, kikombe kila asubuhi, ati yanaosha kifua. Kipketer aliyatazama akasema, "Hata ng'ombe mwenyewe angekohoa humu." Mkacheka. Naye Mburu wa mashine kubwa hupita mlangoni akituita, "Nyinyi watu wa asidi, mashati yenu yana madirisha mengi kuliko chumba chenu!" Hapo hata sisi, wenye mashati yaliyotobolewa na asidi, tulicheka. Tungefanya nini?

Kipketer aliendelea kuinama juu ya sinia lenye asidi, akifagia mapovu kwenye zinki kwa unyoya wa kuku, kwa maana povu likiachwa linaacha doa, na hakutaka uso wa mtu yeyote utoke na doa. Kwanza alikohoa. Kisha akaacha kuimba kanisani. Bwana Mchungaji, wewe unajua. Sasa mkewe Chepkemei humsogezea sikio mdomoni ndipo amsikie.

Zawadi yako ni hii. Ni sura yako, Bwana, juu ya zinki, kazi ya mkono wake. Haina doa hata moja. Itundike huko Ulaya, na wageni wakiisifu, waambie ilitengenezwa dirisha likiwa limefungwa.

Bwana Meneja mpya, wewe hujatukosea bado. Mbao zile zinang'oka kwa nyundo, na vumbi tutalizuia sisi wenyewe kwa pazia la gunia lililoloweshwa maji. Hilo tu ndilo tunaloomba. Kesho napanda garimoshi kwenda nyumbani kwa likizo, na atakayeinamia sinia badala yangu ni mwenzetu Kimaiyo. Jumapili mnamsikia wenyewe kanisani: Kimaiyo bado anaimba.

Mmenivumilia, asanteni. Nitarudi mwisho wa Januari. Nitazunguka nyuma ya kiwanda kwanza, nilitazame lile dirisha, ndipo nije kuwasalimu.