Bi Rahila na Vijiti vya Nambari

Bi Rahila Gharib Usi kazaliwa Jambiani tarehe 2 Machi 1963, mtoto wa tatu wa Mzee Gharib Usi na Bi Mize Talib. Skuli kasoma mpaka darasa la saba, basi. Wako waliomcheka kwa hilo. Wao wamefika vyuo vikuu, na alichokielewa yeye hawajakielewa mpaka leo.

Mwaka 1984 aliolewa na Bwana Ahmada Wakil, fundi wa kuezeka makuti. Miaka arubaini walipendana na kugombana, zaidi juu ya chumvi ya mchuzi.

Mwani aliuanza 1990. Maji yakipwa wanawake wanateremka, yakijaa wanarudi. Hawakuhitaji kuambiwa na mtu. Mwaka 2016 ikaja kampuni ya kununua mwani, na ofisa wake kavaa viatu vya ngozi mchangani. Kagawa pwani vipande, kila kipande na kijiti chenye nambari. "Kina mama," kasema, "kuanzia leo nyinyi huru. Hamna bosi." Sharti moja tu: ukikosa bamvua mbili, zile siku za maji kupwa sana, kipande anapewa mwengine.

Mwaka wa pili shoga yake, Bi Tahiya, akafiwa na mume, akaingia eda, hatoki nyumbani. Ofisa kamfuata na daftari mpaka mlangoni, hata haya hana.

"Yuko huru kuchagua," kasema. "Akae eda, au abaki na kipande."

"Huru kwelikweli," Bi Rahila kamjibu. "Na wewe mwanangu, kutokuwa na haya umechagua mwenyewe, au umepangiwa na kampuni?"

Asubuhi yake, yeye na wenziwe kumi na mmoja wakateremka, wakang'oa vijiti vyote vya nambari. Ofisa kafika, maji magotini, viatu mkononi.

"Kipande cha Tahiya kipi?"

"Hiki changu," Bi Rahila kamjibu.

"Na hiki?"

"Changu na hicho."

"Kile kule?"

"Changu! Tuko huru baba, si umesema?"

Kakasirika, hakununua mwani miezi miwili. Njaa iliingia majumbani, na Bi Rahila alitukanwa na baadhi ya waliokaa hapa msibani mbele leo. Wanajijua. Hakurudisha hata kijiti kimoja. Kampuni, ambayo bila mwani haina la kuuza, ikarudi kimya kimya. Kazi ya Bi Tahiya ilifanywa na wenziwe kwa zamu, naye akamaliza eda yake ndani kwake, miezi minne na siku kumi.

"Mtu anayeogopa kukaa akamlilia mumewe, huru wa nini huyo?" alikuwa akisema. "Uhuru wa kila mtu kufa njaa peke yake wampelekee mama yao."

Oktoba 2023 alipata kiharusi. Alitibiwa Mjini, akarudishwa kwake, wenziwe wa pwani wakimwogesha kwa zamu. Alifariki Jumanne, 14 Januari 2025.

Ameacha mume, watoto watatu, Saadiya, Hamad na Abdulwahid, wajukuu saba, na wenziwe wote wa pwani. Kampuni imeleta karatasi ya kumsifu, inamwita mjasiriamali. Haisomwi.

Mwenyezi Mungu amrehemu, ampe mapumziko ambayo hatomuomba mtu ruhusa yake.