Vigingi Katika Bustani ya Shule

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu mliokaa mbele kwa sababu ya vyeo na mliokaa nyuma kwa sababu ya mlango, wazazi, mpishi wetu, wanafunzi wangu wa somo la bustani, na wewe fundi ujenzi wa safu ya tatu, mwenye futi ya kupimia mfukoni, ambaye nitakufikia baadaye: habari za mchana.

Nimesifiwa tangu saa nne asubuhi. Nashukuru, lakini mimi nikisifiwa sana huuliza kuna nini. Mwalimu Mkuu amesema kwamba mimi ni nguzo ya shule. Tumefanya kazi pamoja miaka tisa na hajawahi kuniita nguzo. Alikuwa akiniita yule wa matope. Zawadi iliyo mezani nayo imefungwa kwa karatasi tatu, na mtu anayefunga kitu kwa karatasi tatu ana jambo. Nimeipima kwa jicho. Ni saa ya ukutani. Mtu anayestaafu anapewa saa ya kazi gani?

Ndugu wageni, sikuzaliwa na tabia hii. Bustani ndiyo iliyonifundisha. Jani likijikunja, mkulima mzembe hulilaumu jua. Mkulima makini huligeuza atazame nani amelala upande wa chini. Mche ukilala asubuhi ilhali jana ulikuwa umesimama, usitoe pole kwanza, fukua pembeni yake umtafute kiwavi mkataji. Miaka ishirini na sita nimewafundisha watoto wenu kushuku majani, maji, mboji ambayo haijaiva, na muuza mbegu anayetabasamu mno.

Kitu kimoja tu niliwakataza kukishuku, nacho ni mbegu iliyokwisha kufukiwa. Kila mwaka kipindi cha kwanza ni kile kile: shimo la kina cha pingili moja ya kidole, mbegu mbili za maharage, udongo laini, matandazo juu, maji kidogo, kisha nenda zako. Na kila mwaka yuko anayerudi kesho yake kufukua aone kama imeota. Mwaka juzi binti mmoja alifukua siku tano mfululizo, wenzake wakampa jina la Kagua. Siku ya tano alikuta kijimzizi cheupe, akakikata kwa ukucha wake mwenyewe. Alilia mpaka kipindi kikaisha. Nikamwambia, "Mwanangu, mbegu haitaki polisi. Maharage yanataka siku saba. Siku ya nane ndiyo uje na maswali yako."

Maneno mazuri, sivyo? Sasa sikilizeni aliyoyafanya mwenye maneno.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilifika shuleni mapema, nikakuta vigingi kumi na viwili katika kile kipande kisichopandwa, nyuma ya kitalu changu cha pilipili. Kamba ya waashi imevutwa kutoka tanki la maji hadi kwenye uzio. Nikamuuliza mlinzi ni nani amepima hapa. Akaanza kufuta tochi yake, saa moja asubuhi, jua limeshatoka. Nikaingia chumba cha walimu, na mazungumzo yakakatika kama redio iliyoishiwa betri. Nikamfuata Mwalimu Mkuu ofisini. Akaniambia, "Ngoja tu, Mwalimu." Ningoje nini? Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nami nilikuwa nimezungukwa na kimya.

Nilipotoka ofisini nikapita kwenye ubao wa matangazo. Ratiba ya muhula ujao ilikuwa imebandikwa. Alhamisi, kipindi cha tano, mahali ambapo kwa miaka yote imeandikwa Bustani, palikuwa na kisanduku kitupu. Mchana huohuo nikamwona fundi huyu amesimama nje ya uzio, anaonyesha ndani kwa kidole. Mheshimiwa Mwenyekiti, ungekuwa wewe ungewaza nini? Mimi niliwaza kwamba naagwa ili magari yapate pa kuegeshwa.

Basi niling'oa vigingi vyote, nikavificha nyuma ya mboji. Alhamisi nikakuta vingine. Nikang'oa tena, na safari hii kamba nikaikatakata. Mtu mzima, nimevaa tai, nimepiga magoti kwenye umande naiba vijiti.

Jana nikaja mapema zaidi ili nimkamate mtu. Nilimkamata Kagua. Alikuwa akigonga kigingi kwa jiwe, na wenzake sita wameshika kamba mpya. Hakushtuka hata kidogo. Alinitazama miguuni, kwenye buti langu lenye kisigino kilichopasuka, akasema, "Mwalimu, umetung'olea mara mbili. Hii ni mistari ya matuta yetu. Tulitaka uyaone kesho yamenyooka, bila wewe kutusaidia."

Walikuwa wamezijua nyayo zangu tangu siku ya kwanza. Kamba ni ya baba yake, naye ndiye fundi wa safu ya tatu. Ndugu fundi, nisamehe. Nilikuita majina ambayo mbele ya Mwenyekiti siwezi kuyarudia.

Nikamuuliza binti kwa nini wamefanya kwa siri. Akasema nao wameiona ratiba. "Shamba likiwa tupu watalichukua," akaniambia. "Likiwa limepandwa, angalau watauliza kwanza."

Nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya tanki la maji nikalia, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimefukua mbegu yangu mwenyewe, mara mbili, na bado ilikuwa hai. Lakini ndugu zangu, tusidanganyane: kuhusu vigingi nilikosea, kuhusu kile kisanduku bado sijaambiwa kama nilikosea.

Utaratibu unataka jembe langu dogo nimkabidhi Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu, mikono yako ni safi mno, iache hivyo hivyo. Kagua, njoo mwanangu, lishike. Mpini umelegea kidogo. Uloweke majini kabla ya kazi.

Nilikuja na kurasa mbili za maswali kwa meza kuu. Nimezikunja. Sitauliza leo nani atafundisha, sitapiga simu, sitamtuma mlinzi anichungulie. Jana watoto walifukia maharage katika matuta manne yaliyonyooka kuliko yangu yoyote. Siku saba zitapita. Siku ya nane ni Alhamisi ijayo, na kipindi cha tano nitaingia langoni kama mgeni yeyote. Nitatazama matuta kwanza, halafu nitatazama ule ubao. Kalamu unayo, Mwalimu Mkuu; naiona hapo mfukoni. Na zawadi yenu sitaifungua kabla ya siku hiyo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wageni, asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza. Mkitoka, tafadhali piteni njia ya kokoto. Pale nyuma ya pilipili kuna kitu kimelala, na naomba mtu yeyote asikiguse.