Tuliopongezana kwa Rangi ya Mkojo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mkurugenzi wa taasisi yetu. Madaktari, wauguzi na wenzangu wa maabara. Ndugu wageni waalikwa. Mume wangu, uliyepiga viatu rangi tangu asubuhi utadhani wewe ndiye unayestaafu. Na ninyi mliokubali dawa yetu ijaribiwe miilini mwenu, ambao mshereheshaji amewataja mwisho na kuwakalisha nyuma ya wapiga picha: nawasalimu nyote kwa heshima. Ninyi wa mwisho nawasalimu nikiwa nimeinamisha kichwa, na sababu yake mtaisikia.

Nyuma yangu pametundikwa kitambaa kilichoandikwa "Mama wa Kidonge". Nawaomba watu wa mapambo wakishushe. Si kwamba mimi ni mnyenyekevu. Wanaonifahamu wanajua sifa hiyo sina. Ni kwamba kidonge hicho hakifanyi kazi tuliyosema kinafanya.

Ndiyo, mmesikia sawasawa. Mkurugenzi, usiniangalie hivyo, acha nimalize.

Kwa wageni msioujua ugonjwa wenyewe: usubi humuuma mtu na kumwachia vimelea chini ya ngozi, na pale palipoumwa huota kidonda kisichosikia mafuta wala dua. Kidonge cha zamani kipo, lakini ni dhaifu; dawa ya kutegemewa miaka yote ni sindano, na haichomwi mkononi wala makalioni. Inachomwa pembeni mwa kidonda chenyewe. Kidonda kikiwa shavuni, sindano ni shavuni. Nimeona wanaume wenye vifua kama milango wakiikimbia. Je, nani asingetamani kidonge chenye nguvu? Virusi, bakteria, kuvu na vimelea vinajifunza kuzikwepa dawa zetu haraka kuliko sisi tunavyojifunza kuzitengeneza, na kila anayefanya kazi hii huamka na njaa ya habari njema. Njaa hiyo ndiyo iliyotuponza.

Kanuni ya kujaribu dawa ni kufichana. Nusu ya wagonjwa walimeza kidonge kipya, nusu walimeza cha zamani, kile dhaifu, na vyote vilifanana sura na ladha, ili mgonjwa asijue anameza kipi, muuguzi asijue anatoa kipi, nami nisijue nashangilia kipi. Asiyepata nafuu kwa vidonge alihamishiwa sindano. Mpango mzuri, au siyo? Basi kidonge kipya, bila kutuuliza, kikawa kinageuza mkojo kuwa rangi ya chungwa.

Naona mnacheka. Chekeni tu, hata sisi tulicheka. Wagonjwa walileta mkojo upimwe kwa ajili ya figo, katika vichupa vinavyoonesha, nasi tukavipanga kwenye sinia pale dirishani mapokezi, jua linapopiga. Siri yetu yote ikakaa hapo inang'aa. Tungeweza kutia rangi hiyohiyo kwenye kidonge cha zamani, na jambo hilo lilisemwa kikaoni. Kuna mtu akajibu kwamba litatuchelewesha kupata kibali. Mtu huyo ni mimi, msimtafute mwingine.

Ikawa mtu akileta kichupa cha chungwa, wauguzi wanamwambia, "Hongera, wewe umepata yenyewe!" Nami nikipita nampigapiga mgongoni. Aliyeleta mkojo wa kawaida tulimpa pole kama mfiwa, na akisema kidonda kinamuwasha tulimwamini papo hapo, tukampeleka kwenye sindano, akapona. Lakini mwenye mkojo wa chungwa akisema kinamuwasha, tulimjibu nini? "Hiyo ndiyo dawa inafanya kazi." Tukiweka rula kwenye kidonda chake, rula ilijaa huruma, maana jicho lililokwisha kufurahi halipimi tena, linaitikia tu.

Mwishowe picha za vidonda na sampuli za ngozi zikapelekwa kituo kingine, kwa watu wasiomjua mgonjwa hata mmoja na ambao hawakuliona sinia letu. Majibu yamekuja wiki hii. Kidonge kipya hakikishindi cha zamani hata kidogo. Ngozi imejifunga juu, na vimelea viko chini vimetulia kama wapangaji waliokabidhiwa ufunguo. Tuliowapa pole wamepona kwa sindano. Tuliowapongeza ndio wagonjwa.

Naona haya, ndugu zangu. Nimetafuta neno la kitaalamu la kulisema hili nikalikosa, basi nasema hivyohivyo: naona haya. Mmenivika kilemba cha ukoka bila ninyi kujua, na ubaya wake ni kwamba mimi nilikwisha kujua, nami nilikuwa nakiweka sawa kichwani. Majibu yalipofika, Mkurugenzi, ambaye ni mtu mwema na mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, aliniambia, "Dada, wageni wamekwisha alikwa. Acha hafla ipite, taarifa tutaitoa taratibu." Nami nikasema sawa. Nilisema sawa bila hata kumeza mate.

Miongoni mwa tuliowapongeza yumo mshonaji mmoja, ambaye ameniruhusu nimtaje kwa kazi yake. Kidonda chake kiko shavuni, karibu na pua, na vimelea vya aina yake vikiachwa vinaweza kuingia ndani ya pua na kuila. Gauni hili nililovaa amelishona yeye, kwa shukrani, na kila mkinisifia leo kwamba nimependeza nimekuwa nikitamani kulivua. Alipangiwa kusimama hapa atoe ushuhuda wa kupona.

Jana nilikwenda kwake. Nilimkuta anapiga pasi kola ya shati, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Akaisimamisha pasi, akaniangalia.

"Yaani, daktari, makofi yote yale mlikuwa mnaupigia mkojo?"

"Ndiyo, dada yangu."

"Na nilipowaambia kinawasha?"

"Hatukusikia."

"Mlisikia. Mkaniambia nisideke."

Nilimwomba aanze sindano bila kuchelewa. Akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Mlisema kile kidonge ndicho, nikaamini. Leo mnasema sicho, sindano ndiyo yenyewe. Sasa nitajuaje? Humu ndani tuko wawili, kusema ni rahisi. Kesho ukumbini, na mgeni rasmi na kamera, utayasema haya?"

Nikamkumbuka Mkurugenzi. Ile sawa yangu nilikuwa nimekwisha itoa.

"Basi nitakuja nisikilize," akasema, akarudia pasi yake. "Ukiyasema mbele za watu, nitajua angalau mna mkweli mmoja. Ukikata keki ukapigwa picha, sindano zenu chomaneni wenyewe."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hiyo ndiyo sababu ya hotuba hii kuwa tofauti na ile uliyopewa nakala yake. Ngao ile iliyoko mezani naomba irudi kabatini. Mkurugenzi, kaka yangu, nisamehe, nimevunja makubaliano yetu. Wauguzi, msibebe lawama isiyo yenu; kushangilia mlijifunza kwangu. Nanyi watafiti mnaobaki, msiache kutafuta, kwa kuwa wagonjwa hawaachi kuugua. Kidonge cha kweli kikija, kitilieni shaka kwanza, na furaha isubiri kwenye foleni kama watu wengine. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulioajiriwa kuyafichua maradhi nusura tuyafunike kwa kitambaa cha sherehe.

Na ninyi mliopongezwa pamoja naye, tangu jana mimi na wauguzi tumekwisha kuwafuata wote mmoja mmoja nyumbani, kwa hiyo hakuna anayelisikia hili leo kwa mara ya kwanza. Hamkuja kwetu kutafuta makofi. Mlikuja na vidonda, mkatuamini, nasi tukawachelewesha. Nawaomba radhi, na sitawaambia imetokea bahati mbaya. Mlango wa kushoto unakwenda kliniki. Sindano zimeandaliwa, na wapo wa kuwahudumia sasa hivi. Mlango wa kulia unakwenda getini. Atakayepita huo sitamlaumu, nitamfuata tena nyumbani kumwomba.

Dada mshonaji, nimeyasema.

Naona umeinuka. Sikuiti, wala sikushawishi. Wapiga picha, tafadhali, shusheni kamera, mpisheni apite.

Amekwenda kushoto.

Ndugu zangu, nilikuwa bado na shukrani nyingi za kutoa. Mnaostahili mnajijua, zipokeeni hivyohivyo. Mheshimiwa, naomba ruhusa yako niondoke kabla ya keki. Nakwenda kumuuliza kama anahitaji mtu wa kumshika mkono sindano ikiingia. Akisema yeyote isipokuwa mimi, nitakaa kwenye benchi nje ya mlango mpaka atoke.

Asanteni kwa kunisikia mpaka hapa.