Sitazisuuza Mimi

Sogeeni, wanangu, maana pumzi niliyobakiza ni kidogo na sitaki kuimaliza kwa kumwita mtu aliye mlangoni. Na wewe mkwe, ingia ukae, acha kuupima ukuta kwa macho. Kufa kufaana, najua, lakini hata fisi hungoja windo linyamaze.

Kwanza mali, tuimalize, maana ni ndogo kuliko tamaa zenu. Vyumba hivi viwili ni vya binti yangu, vyake yeye, si vya mumewe. Ua, bomba, kamba za kuanikia na pasi ya mkaa ni vya kaka yake, huyu kifunguamimba wangu aliyejikunyata pale kama kuku aliyenyeshewa. Najua hakuviomba. Tangu mdogo wake afe, yeye amelala kitandani akitutangazia kwamba maisha ni bure. Nikimwambia amka, kuna nguo, ananijibu, "Za nini, Baba? Leo tunafua, kesho zinachafuka." Mwaka mzima, jamani, na huo ndio ugunduzi wake! Mimi nimekuwa dobi tangu sijaota ndevu, na siku ya kwanza tu nilijua kwamba nguo huchafuka. Zisingechafuka ungekula nini, wewe?

Haya, tuliseme lile tusilolisema. Kitindamimba wangu alibeba shuka za nyumba ya wageni kichwani, akapita chini ya bango la duka lililofungwa zamani, bango lisilomuuzia mtu kitu, likamwangukia. Shuka zikaletwa hapa zimefungwa vile vile, bila doa. Bila doa! Doa moja ningelielewa. Kisha wakaja wenye hekima na vikombe vyao vya chai: mmoja akasema alikuwa mwema mno kwa dunia hii, mwingine kwamba ameepushwa na baya kubwa zaidi, kana kwamba Mungu aliwanong'oneza wao jikoni akanificha mimi baba yake. Niliwadharau siku ile na nawadharau leo. Nilipiga magoti nikamuuliza Mwenyewe, na hakunijibu. Sikumwacha, wala sikumtungia jibu.

Kesho yake baada ya mazishi nikajitwika shuka zile, na huyu mwanangu akanisimamia mlangoni, "Baba, huna moyo?" Tangu hapo salamu yake kwangu haivuki meno. Basi sikiliza, wewe unayenihukumu ukiwa umelala. Mwenye nyumba ya wageni alishtuka kuniona, akasema shuka anazo nyingine, nirudi msibani. Hazikuhitajika, nilijua. Lakini mdogo wako alikuwa ameianza safari ile, na bango la kijinga lilitaka iishie pale, nikakataa. Nikapita kando ya ukuta ule ule, nikautemea mate, nikafika. Nilitandika kitanda kimoja kwa mikono yangu, nikakunja pembe kama alivyokuwa akizikunja yeye, kisha nikalia huko huko, ambako hukuniona. Kifo kina nguvu, sibishi, lakini ni mshamba: hakijui kumaliza kazi, kinajua kukatiza tu. Msikivulie kofia. Wala usidhani huko kujikunja kwako ndiko kumlilia mdogo wako. Kazi mbi si mchezo mwema, na shuka unayolalia, tangu lini haijafuliwa?

Nipe maji, binti yangu... Asante. Mumeo usigombane naye kwa ajili yangu. Mcheke tu, inatosha.

Nizikeni karibu na mama yenu na mtoto wetu. Hotuba sitaki. Atakayesimama kueleza kwa nini nimekufa, mkalisheni chini.

Na wewe, mwanangu... asubuhi nilijikokota hadi uani nikaloweka nguo za jirani, yule fundi viatu. Zimo kwenye beseni la bluu. Sitazisuuza mimi. Mkitoka kunizika, usiende kitandani, pita uani kwanza. Zitachafuka tena, naam, zitachafuka. Wewe suuza... kamua... mashati uyaanike kichwa chini...

Mungu awalinde nyote. Hata wewe, mkwe. Na mikono yako, mwanangu... aibariki... aikute imelowa.